Askari wa Damu na Kipande cha Virusi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kyuso na Tseikuru, Mwingi. Yameandikwa karibu jinsi yalivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa.)

Asanteni kwa kuacha ndengu shambani siku ya leo. Najua ndengu ikikauka haingoji mkutano, kwa hiyo nitajaribu nisiwachoshe.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si daktari wa mifugo. Nina diploma ya kazi za jamii, na miaka yangu mingi imekwisha nikikaa na vikundi kama vyenu, kukagua vitabu vya akiba na kupatanisha watu waliokosana juu ya mabati au juu ya tangi la maji. Haya ya sayansi nimeyasoma, nikawauliza wenye kujua, nikarudi kuuliza tena. Nimefanya hivyo kwa sababu ya swali la mama mmoja ambalo lilinishinda kujibu.

Mnakifahamu kikundi chenyewe, sina haja ya kukitaja. Walinunua mbuzi kwa pesa za mzunguko, mbuzi 31. Sotoka ya mbuzi ilipoingia upande huo, chanjo ikapatikana katika duka moja la dawa mjini, na mimi mwenyewe ndiye niliyeisafirisha. Mbuzi wote wakadungwa. Baada ya juma moja na nusu walikuwa wamekufa 12, makamasi puani, midomo imejaa vidonda, wanahara. Nilipokwenda kuwapa pole, mama mmoja akaniuliza, “Mwalimu, dawa iliingia ndani ya mbuzi, niliona kwa macho yangu. Kama iliingia, ugonjwa ulipita wapi?”

Nikanyamaza. Na tangu siku hiyo kikundi hicho hakitaki kusikia neno chanjo. Na si wao tu. Nimesikia hata katika mkutano huu watu wakinong'ona, “zile sindano za Mwingi zinaua.” Leo nataka kumjibu yule mama, na naona amekuja, ameketi pale karibu na mlango.

Nitaanzia mbali kidogo. Wazee, mnakumbuka habari ya kipande? Mpaka leo mtu akienda kwa chifu kuulizia kitambulisho, mzee atasema anafuata kipande. Baba zenu walikivaa shingoni miaka ya 1920 na 1930, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, kwa amri ya serikali ya kikoloni. Askari hakukujua wewe wala ukoo wako. Aliangalia kikopo, akafungua, akasoma karatasi. Lilikuwa jambo la kudhalilisha, na siwakumbushi ili tulisifu. Nalileta kwa sababu tu ndani ya mwili wa mbuzi mna kazi inayofanana nalo sana.

Mwili wa mnyama, kama wetu, umejengwa kwa seli, vyumba vidogo vidogo visivyohesabika. Virusi ni vidogo kuliko seli, tena haviwezi kuzaana peke yao. Lazima viingie ndani ya seli na kuilazimisha iache kazi yake na kuvipikia virusi protini zake. Virusi vikiwa bado nje, katika damu au makamasi, mwili una silaha ya kuvinasa, inaitwa kingamwili. Lakini kirusi kikiisha kuingia na kufunga mlango, kingamwili haikioni tena. Ni kama mwizi aliyejificha ndani ya nyumba ya jirani. Ukipita nje unaona nyumba tu, na moshi wa jikoni kama kawaida.

Sasa askari atajuaje nyumba ipi ina mwizi? Maana askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazoitwa seli T, hawawezi kuingia ndani ya seli na kuchungulia.

Hapa ndipo niliposhangaa mimi. Kila seli ina desturi. Protini zote inazopika, seli huchukua sehemu yake na kuikatakata. Fikirini muwa wenye pingili nyingi. Protini ni muwa mrefu, na seli huukata vipande vya pingili 8, 9 au 10 hivi. Kila kipande huwekwa ndani ya kikopo chake, kisha kikopo hupelekwa nje na kuning'inizwa mlangoni. Wataalamu hukiita kikopo hicho MHC, na kipande chenyewe hukiita peptaidi. Sisi tuseme kikopo na kipande, tutaelewana.

Seli yenye afya huning'iniza vipande vya protini zake yenyewe. Askari hupita, husoma, huona ni wa nyumbani, huendelea na safari. Lakini seli yenye virusi ndani, bila kupenda kwa virusi hivyo, itaning'iniza pia vipande vya protini za virusi. Askari anayejua kusoma kipande hicho akifika, husimama. Huitoboa ile seli na kuitia kitu kinachoifanya ife yenyewe upesi, kabla virusi havijamaliza kuzaana na kutoka. Nyumba moja imebomolewa, kijiji kimepona.

Angalieni vizuri hapo. Askari haoni kirusi kizima. Anachokiona ni kipande kidogo tu cha kirusi, tena kikiwa ndani ya kikopo cha seli ya mwili wenyewe. Kipande peke yake hakimtoshi, na kikopo peke yake hakimtoshi. Anasoma vyote viwili pamoja.

Mambo haya yaligunduliwa na watu wawili mjini Canberra, Australia, mwaka wa 1973 na 1974. Mmoja ni Peter Doherty, daktari wa mifugo, mwingine ni Rolf Zinkernagel, daktari kutoka Uswisi. Walikuwa na panya wenye virusi vinavyoshambulia utando wa ubongo. Wakachukua seli za kuua kutoka kwa panya mgonjwa, wakaziweka pamoja na seli zenye virusi hivyo hivyo. Zikitoka kwa panya wa ukoo ule ule, ziliuawa. Zikitoka kwa panya wa ukoo mwingine, askari walizipita kama hawakuona kitu, ingawa virusi vilikuwa ni vile vile. Sababu ni kwamba kikopo kilikuwa cha namna nyingine. Mwaka wa 1996 walipewa Tuzo ya Nobel. Mimi hupenda kuwaambia vijana kwamba mmoja wao alikuwa daktari wa wanyama. Huyo Doherty aliwahi pia kukaa katika bodi ya ILRAD, kituo cha kuchunguza magonjwa ya mifugo kilichoanzishwa Kabete, Nairobi, mwaka wa 1973. Leo kinaitwa ILRI.

Na hapo Kabete walifanya kitu ambacho wafugaji wataelewa haraka kuliko mimi. Walichunguza ndigana ya kupe, ule ugonjwa unaovimbisha tezi chini ya sikio la ng'ombe. Kiini chake si kirusi, ni kijidudu kingine, lakini huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kujificha vile vile, na seli huning'iniza vipande vyake mlangoni vile vile. Walitumia ndama mapacha waliotokana na mimba moja changa iliyogawanywa mara mbili, hata vikopo vyao vikawa sawa kabisa. Pacha mmoja alikuwa ameshakingwa, mwenzake hajakingwa. Wakachukua askari wa kuua kutoka kwa yule aliyekingwa wakamtia mwenzake ambaye alikuwa amepewa ugonjwa wa kumuua. Akapona. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1994. Hawakumtia dawa yoyote ya dukani. Walimtia askari waliokwisha kujua kusoma kipande cha adui.

Basi askari hujifunza wapi? Mkichinja mbuzi mchanga, mmeona kitu cheupe, laini, kuanzia shingoni kushuka mpaka kifuani mbele ya moyo? Katika mbuzi mzee kimenywea, karibu hakionekani. Hiyo ni tezi ya thaimasi, shule ya askari. Huko, askari anayetaka kushambulia vipande vya nyumbani huondolewa. Wanaofuzu ni wachache, na kila mmoja amezaliwa na uwezo wa kusoma kipande cha namna yake. Wapo wa kila namna, mamilioni. Lakini kwa kipande kimoja cha sotoka, wanaokijua ni wachache mno, na wametawanyika mwili mzima.

Kwa hiyo ugonjwa ukiingia kwa mara ya kwanza, hao wachache lazima kwanza waitwe kwenye tezi, waonyeshwe kipande, kisha wazaane mpaka wawe jeshi. Kazi hiyo huchukua juma zima, au siku 10. Sotoka ya mbuzi haingoji. Mbuzi anaweza kufa kabla askari wake hawajatosha. Lakini askari waliokwisha kukiona kipande hicho siku za nyuma huacha wazee wao wanaokumbuka, na adui akirudi huamka kwa haraka.

Chanjo ni kumwonyesha mbuzi kipande kabla adui hajafika. Chanjo ya sotoka ni virusi hai, ila vimedhoofishwa. Huingia ndani ya seli kama virusi vya kweli, seli huvipikia protini, hukata vipande, huning'iniza mlangoni, askari hujifunza na kingamwili hutengenezwa. Mbuzi haugui. Ni mazoezi tu.

Aliyetengeneza chanjo nzuri ya sotoka ya ng'ombe alifanya kazi hiyo hapa kwetu Kenya, huko Muguga. Jina lake Walter Plowright. Alichukua virusi vilivyoitwa Kabete O akavihamisha kutoka seli hadi seli za figo za ndama, mara 90, mpaka vikasahau kuua bila kusahau kuingia. Sotoka hiyo ndiyo iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na wazee wengi walisimuliwa na babu zao. Na je, mnajua mara ya mwisho ilionekana wapi duniani? Ilikuwa kwa nyati wa Meru National Park, mwaka wa 2001, ng'ambo tu ya mto Tana ukivuka kutoka hifadhi yetu ya Mwingi. Tangu hapo haikuonekana tena popote, na mwaka wa 2011 dunia ilitangaziwa kwamba imekwisha. Mpaka sasa ni magonjwa mawili tu yaliyokomeshwa kabisa namna hiyo, ndui ya watu na sotoka ya ng'ombe. Ile ya mbuzi na kondoo ni binamu yake. Ilithibitishwa Kenya mwaka wa 2006, kule Turkana, ikashuka. Mataifa yamejiwekea mwaka wa 2030 kuwa wa kuimaliza.

Sasa nimjibu mama.

Mama, nimesema chanjo hii ni virusi hai. Ikiwa hai, huingia ndani ya seli. Ikifa, inabaki nje. Hakuna seli itakayoipikia protini, hakuna kipande kitakachoning'inizwa mlangoni, na askari hawana cha kusoma. Na joto linaiua. Chupa ile nilipoichukua dukani ilikuwa juu ya meza, haikuwa ndani ya friji, na mimi sikuuliza. Njiani gari likaharibika, tukakaa kwenye jua tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Chupa ilikuwa ndani ya kikapu changu, imefungwa kwa leso. Tulipofika, ikachanganywa na maji yake, na kwa kuwa mbuzi walikuwa wametawanyika malishoni tukaendelea kudunga mpaka saa tisa alasiri. Chanjo ikiisha kuchanganywa inatakiwa kutumika mara moja, tena ikiwa juu ya barafu. Nilijua kwamba barafu inahitajika. Nikajiambia, “itafaa tu.” Kilichoingia ndani ya mbuzi wako, mama, nadhani kilikuwa maji ya gharama kubwa.

Na kuna jambo la pili, ambalo hata barafu isingelisaidia. Siku tuliyodunga, mbuzi wawili katika boma lile walikuwa wameanza kutoa machozi na makamasi tangu siku tatu nyuma. Maana yake adui alikuwa ameshaingia kwa wengine pia. Chanjo nzuri kabisa ingewakuta askari wakianza darasa huku nyumba zinaungua. Tulikimbilia chanjo kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika, na hapo tayari tulikuwa tumechelewa. Sindano haikuwaua mbuzi wenu. Lakini haikuwaokoa, na lawama ya sehemu kubwa ni yangu.

(Hapa palikuwa na maneno mengi, mengine ya kikundi chenyewe, ambayo hayaandikwi. Halafu maswali.)

Mzee mmoja aliuliza: na yule asiye na kipande, askari humfanyaje?

Nilicheka, kwa maana enzi zile asiye na kipande alilala rumande. Na mwilini ni vivyo hivyo. Kuna virusi vijanja. Vipo vya ng'ombe, vya jamii ya hepezi, ambavyo huziba njia ya kupeleka vipande mlangoni, ili seli isimsaliti mwizi. Lakini mwili una askari wa aina nyingine ambao hawasomi kipande. Wao huangalia tu kama kikopo kipo. Wakikuta mlango mtupu, huiua ile seli.

Mama mwenye mtoto aliuliza kama vitoto vya mbuzi vidungwe siku vinapozaliwa.

La. Mama mbuzi aliyechanjwa humpa mtoto kingamwili katika maziwa ya kwanza, yale mazito. Kwa miezi mitatu au minne kingamwili hiyo humlinda, lakini pia huwakamata virusi vya chanjo kabla havijaingia ndani ya seli, na chanjo inapotea bure. Tunangoja miezi minne hivi. Ndiyo sababu hata watoto wetu hawadungwi surua siku ya kuzaliwa. Kliniki husubiri miezi 9, kisha 18. Surua nayo ni binamu wa sotoka, kwa hiyo akina mama mnaijua habari hii siku nyingi.

Mtu mwingine akauliza, mbona kuku wa kideri hudungwa kila mara na mbuzi mara moja tu?

Chanjo ya sotoka ya mbuzi, ikiwa nzima, hukinga kwa miaka mitatu au zaidi. Ile ya kideri ya tone la jicho kinga yake hushuka upesi, ndiyo maana hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Tena kuku huangua kila mara, na kifaranga aliyetoka jana hajachanjwa.

Swali la mwisho lilinigusa zaidi. Kijana mmoja alisema, kama kikopo cha kila mbuzi ni tofauti, si kila mbuzi atashika kipande tofauti? Ndiyo, kabisa. Vikopo hurithiwa kutoka kwa baba na mama. Kikopo cha huyu kinashika kipande hiki cha kirusi, cha yule kinashika kingine. Hiyo ni faida kwa boma, maana virusi vikibadilisha kipande kimoja ili visisomwe, bado kuna mbuzi anayening'iniza kingine. Sasa nitazameni vikundi viwili hapa, mnajijua, ambavyo vimekaa na beberu mmoja wa maziwa kwa miaka sita. Amezaa na mabinti zake, amezaa na wajukuu zake. Vikopo katika maboma hayo vimeanza kufanana. Sisemi kwamba watakufa kesho. Nasema badilishaneni mabeberu, kikundi hiki na kile. Haigharimu pesa, ni kumfunga kamba na kutembea. Mwethya wa zamani ungelifanya jambo hilo bila hata kuitisha mkutano.

Kuhusu chanjo inayokuja. Nimenunua kisanduku cha barafu, na barafu itatoka kwenye friji ya zahanati, tumekubaliana nao. Chupa itafunguliwa mbuzi wakiwa wamekusanyika ndani ya boma, si kabla. Kwa hiyo asubuhi hiyo msiwapeleke malishoni. Atakayedunga ni mtu wa ofisi ya mifugo, na kila kikundi kichague mtu mmoja wa kushika saa na kuandika, chupa ilifunguliwa saa ngapi na ilimalizika saa ngapi. Mbuzi yeyote mwenye machozi, makamasi au vidonda mdomoni, semeni mapema, tuahirishe boma hilo tumwite daktari kwanza.

Kikundi cha yule mama bado hakijasema ndiyo. Nimewaambia sitawalazimisha, na kwamba wakikubali, wafungue kisanduku wenyewe waguse barafu kabla sindano ya kwanza haijaingia. Mwenyekiti wao amesema watakaa Alhamisi na kunijibu.